Shawa inavuja shingoni: usikaze tena, ifungue kwanza

Mama mmoja wa Kinyerezi aliniita Jumapili mchana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku tayari anaelekea bafuni. "Mwanangu, hii shawa imekazwa na wanaume wawili na bado inatoa maji shingoni."

"Huenda ndiyo maana inatoa, mama."

Alicheka, akidhani ni utani. Nilipoifungua, washa ya mpira iliyomo ndani ya nati ilikuwa imejikunja, nusu imekaa mahali pake, nusu imechomoza katikati kama ulimi. Kila aliyekaza alizidi kuisaga. Niliweka washa mpya, nikakaza kwa mkono mtupu, kazi ikaisha kabla chai haijachemka.

Watu wengi wakiona maji shingoni husema "thredi imekufa", yaani meno ya kukazia yameisha, na kwenda kununua shawa nyingine. Thredi zilizokufa kweli zipo, na nitazifikia. Ila katika shawa kumi ninazoitiwa, nyingi meno yake ni mazima kabisa. Kilichoharibika ni washa, au tepu (ule utepe mweupe wa kuzungushia meno), au mtu kaingiza kitu upande.

Hapo maji yanazuiwa na nini?

Hili ndilo swali la kujiuliza kabla hujashika spana. Kuna maungio ya aina mbili kwenye shawa, na kila moja linazuia maji kwa njia yake.

La kwanza ni la washa. Nati inavuta, mpira unabanwa kati ya sehemu mbili bapa, na mpira huo ndio unaozuia maji. Meno kazi yake ni kuvuta tu. Ncha zote mbili za bomba la mpira la shawa ya mkononi ziko hivi, na vichwa vingi vya shawa vinavyofungwa kwenye mkono wa ukutani (lile bomba fupi linaloshika kichwa) pia. Ungio hili halihitaji tepu. Tena ukiweka tepu nyingi mno, nati inajaa na kugoma kabla haijaufikia mpira, na ungio litavuja ingawa umekaza sawasawa.

La pili ni la meno yenyewe. Mkono wa shawa ukiingia kwenye elbo (kona ya bomba) iliyofukiwa ukutani, hakuna washa mle ndani. Meno yanabanana, na nafasi ndogo zinazobaki kati yake huzibwa na tepu au katani. Hapa ukisahau tepu, maji yatafuata mzunguko wa meno kama mtu anayeshuka ngazi mpaka atokee nje.

Kwa hiyo, fungua uchungulie. Ukiona washa ndani, shughulika na washa. Usipoiona, ukakuta kuna kikalio bapa kilicho wazi, ujue ilikuwepo ikadondoka siku mtu aliposafisha shawa. Hili hutokea sana: washa inabaki imeganda kwenye ncha ya mkono, au inaondoka na maji ya kusuuzia.

Tafuta tone linapoanzia

Maji huteremka, kwa hiyo mahali unapoona tone likidondoka si lazima ndipo linapotoka. Kausha shingo yote kwa kitambaa. Chukua karatasi ya chooni, fanya vipande vitatu, funga kimoja pale mkono unapotokea ukutani, kingine kwenye nati ya kichwa, cha tatu chini kidogo kwenye kile kiungo cha mviringo kinachofanya kichwa kigeuke huku na huku. Fungua maji kidogo tu, yasirukie karatasi. Kinacholowa kwanza ndicho chenye kesi.

Kile cha tatu kikilowa peke yake, achana na meno. Kwenye maungo ya kugeuza kuna pete ndogo ya mpira iliyochakaa. Vichwa vingine hufunguka ukaibadilisha, vingi vya bei nafuu havifunguki.

Na kama maji yanadondoka kwenye matundu ya shawa baada ya kufunga koki, hilo ni jambo jingine tena. Matone ya dakika chache ni maji yaliyobaki kichwani. Yakiendelea usiku kucha, koki haifungi vizuri. Hakuna tepu ya shingoni itakayoponya hilo, ingawa nimeshakuta shawa imezungushiwa tepu, mpira wa baiskeli na soltepu ya vitabu kwa ugonjwa uliokuwa kwenye koki.

Inavuja shingoni, lakini inakaza vizuri

Hii ndiyo hali ya kawaida, na ndiyo nyepesi. Funga maji kwenye geti valvu (koki ya kufungia maji) ya tangi au ya bafu, fungua koki ya chini kabisa maji yaliyobaki yashuke, kisha fungua kichwa kwa mkono. Kikigoma, funga kitambaa kwenye nati ndipo uishike kwa spana malaya, na kwa mkono mwingine ushikilie ule mkono wa ukutani usizunguke. Usipoushikilia utalegeza ungio la ukutani ambalo halikuwa na tatizo, na utakuwa umejinunulia kesi ya pili.

Itazame washa. Ikiwa ngumu kama plastiki, ina mkwaruzo, au imeacha alama ya meno ya bomba, itupe. Unapokwenda dukani nenda na ile ya zamani, kwa sababu washa za nusu inchi zinatofautiana unene, na nyembamba mno haibanwi. Kabla hujaweka mpya, pitisha kidole kwenye ncha ya mkono wa shawa. Ikiwa imekatwa mshazari au ina kijino kinachokuna, isawazishe kwa tupa laini, maana washa yoyote utakayoweka itakatwa na kijino hicho hicho.

Angalia pia uchafu mweupe. Maji mengi ya visima vya Dar es Salaam yana chumvi, na visima vingine vina chokaa. Uvujaji mdogo ukikauka huacha ganda, na ganda hilo ni ushahidi: linachora njia ambayo maji yamekuwa yakipita. Likiwa la kijani, shaba imeanza kuliwa. Mimina siki kwenye mfuko wa nailoni, funga mfuko kwenye shingo kwa rababendi, subiri saa moja, kisha sugua meno kwa mswaki wa zamani. Usiiache ikalala humo hadi asubuhi kama ina kromu, kwa sababu siki haichagui kati ya chokaa na urembo wako.

Tepu ilifungwa, bado inavuja

Kwenye ungio la meno, tepu yenyewe si tatizo. Tatizo ni inavyofungwa. Elekeza ncha yenye meno usoni kwako, halafu zungusha tepu kufuata mshale wa saa. Ukizungusha kinyume, siku unakaza, ungio linaisukuma tepu nyuma na kuikunja kama soksi iliyoshuka. Ukifungua ukakuta tepu yote imejikusanya nyuma kwenye shingo, hiyo ndiyo sababu.

Acha jino la kwanza wazi, tepu isije ikakatika na kwenda kuziba matundu ya shawa. Vuta huku unazungusha, mpaka uone umbo la meno linajichora juu ya tepu. Tepu nyeupe ya kawaida, ile nyembamba, duru nne au tano zinatosha kwenye chuma. Kwenye meno yaliyolika kidogo nenda hadi nane. Kwenye plastiki punguza, tatu au nne, kwa sababu tepu inateleza na kukudanganya mkono: unadhani bado hujakaza, kumbe upande wa pili soketi ya plastiki (kipande chenye meno ndani) imeanza kupasuka.

Halafu kuna kosa la kurudisha nyuma. Mkono wa shawa lazima uishie ukiangalia chini. Mtu anakaza, anapitiliza, anaurudisha robo duru ili ukae sawa. Papo hapo tepu imeshaachia. Ukipitiliza, ama endelea mbele mpaka uzunguke tena, kama ungio linaruhusu, ama fungua, safisha, anza na tepu mpya.

Mafundi wa zamani hutumia katani na rangi, na mimi siwabezi. Katani inavimba ikilowa, inajaza hata meno yaliyolika ambayo tepu imeshindwa. Lakini kuvimba huko huko ndiko kunakopasua plastiki. Katani ni ya chuma kwa chuma. Na kama meno ni laini mno, kama yaliyopakwa kromu, yakwaruze kwanza kwa msumeno wa chuma, la sivyo katani itateleza na kujikunja.

Ilikuwa salama miaka yote, imeanza kuvuja mwezi huu

Uliza kama kuna pampu mpya. Maji ya tangi yanasukumwa na urefu wake tu: kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1 ya msukumo. Tangi lililoinuka mita 4 juu ya shawa linatoa bar 0.4, na kwa msukumo huo hata ungio bovu linaweza kutulia miaka. Ukifunga pampu ya bar 2, umeuzidisha msukumo mara tano kwa siku moja. Pampu haikuharibu kitu, imefichua tu.

Inaingia upande, au inagoma baada ya duru mbili

Upande maana yake jino limepanda juu ya jino. Unaliona kwa macho: kichwa kimeinama kidogo, na kinakuwa kigumu tangu duru ya kwanza. Simama hapo hapo. Kirudishe nyuma, yaani kizungushe kinyume na saa huku unakisukuma taratibu mpaka usikie "tap" na kichwa kishuke kidogo. Hapo mwanzo wa jino na mwanzo wa mwenzake vimekutana. Sasa kizungushe mbele kwa vidole viwili tu. Ukihitaji vidole vitano mwanzoni, haijakaa.

Ikigoma ingawa imenyooka, huenda vipimo ni tofauti. Hapa kwetu bomba zinafuata kipimo cha Kiingereza, BSP. Bomba la nusu inchi meno yake kwa nje yanakaribia milimita 21, wala si milimita 12.7 za nusu inchi ya rula. Jina linatokana na tundu la bomba za zamani. Robo tatu ni kama milimita 26.4. Pima kwa rula kabla hujaenda dukani, utaokoa nauli.

Kisha kuna shawa za zawadi. Ndugu aliyeko Marekani anakuja likizo na shawa nzuri kubwa kama sahani ya ubwabwa. Kule wanatumia kipimo chao cha meno, NPT. Nusu inchi yao ina meno 14 kwa inchi kama yetu, ndiyo maana inaingia. Ila pembe ya jino lao ni nyuzi 60, letu 55, na bomba lao ni nene kidogo. Kichwa chenye washa ndani mara nyingi kitashika tu, kwa sababu kazi inafanywa na washa. Kinachotesa ni mkono wa shawa wa NPT kuingizwa kwenye elbo ya ukutani ya BSP: unaenda duru chache, unakaza kama jiwe, na bado unavuja. Tafuta adapta, au tumia mkono wa hapa na kichwa cha Marekani. Usilazimishe.

Inazunguka bila kukamata

Sasa hizi ndizo thredi zilizokufa. Kichwa kinazunguka, kinazunguka, kinafika mahali kinaruka na kuanza upya. Swali ni upande gani umekufa, wa kike (meno ya ndani) au wa kiume (meno ya nje). Chukua nati au soketi ya shaba ya nusu inchi ambayo unajua ni nzima, ijaribu kwenye mkono wa ukutani. Ikikaza vizuri, mkono ni mzima, kichwa ndicho kimekufa.

Kichwa kilichokufa meno ya ndani sikishauri kikarabatiwe. Vingi ni plastiki iliyopakwa kromu, na jino la plastiki likishakatika hakuna cha kulikamata. Nimeona watu wakimimina gundi ya bomba, ile ya kuunganishia PVC. Inashika kweli, na siku ya kubadilisha utakata mkono wote. Gundi ya tyubu mbili ya kuchanganya ina heshima zaidi, lakini ihesabu kama bandeji ya wiki moja hadi mshahara uingie.

Mkono wa chuma au shaba ni tofauti, unaweza kuokolewa. Kwa kawaida jino la kwanza na la pili ndiyo yameumia, yale ya nyuma ni mazima. Anza kwa tupa ya pembe tatu: fuata mfereji wa jino zima kutoka nyuma kuja mbele, ukiondoa kilichoinama. Usikate jino, linyooshe njia. Kisha pitisha ile soketi ya shaba mbele na nyuma ukiwa na tone la mafuta.

Likishindikana, kata. Hapa kuna ujanja nilioonyeshwa na fundi aliyenifunza kazi, na sijauacha tangu siku hiyo. Kabla hujagusa msumeno, ingiza soketi ya shaba kwenye meno hadi ipite nyuma ya sehemu mbovu (kama meno ya mbele hayaruhusu, yapunguze kwa tupa kwanza). Sasa kata milimita tatu nne za mbele, lainisha ukingo kwa tupa, halafu ifungue soketi taratibu. Inapotoka inapita juu ya ncha uliyokata na kuyanyoosha meno yaliyopindishwa na msumeno. Ukikata bila kuweka soketi kwanza, utapata ncha nzuri ambayo hakuna kitu kitakachoiingia. Hakikisha tu yanabaki meno matano au sita ya kushikia.

Kama shaba imekuwa ya rangi ya waridi na inamenyeka kwa kucha, usihangaike na tupa. Zinki yake imeshaliwa na maji, kilichobaki ni sifongo ya shaba. Nunua mkono mwingine.

Tahadhari kwa wenye shawa ya umeme, ile inayochemsha papo hapo. Meno yake ni plastiki, inakazwa kwa mkono tu, na kabla hujaigusa zima swichi kuu, si swichi ya bafuni peke yake. Ikivuja shingoni na maji yakateremka kwenye kifuniko chenye nyaya, asioge mtu mpaka itengenezwe. Ukimaliza, fungua maji yajae kichwani kwanza ndipo uwashe umeme, la sivyo utaunguza koili na kunilaumu mimi.

Ukuta unalowa

Rangi inatutumka, au upande wa pili wa bafu, chumbani, kuna ramani ya unyevu. Kabla hujaita mtu wa kupasua vigae, chunguza saa za kulowa. Bomba linalotoka kwenye koki kwenda juu kwenye shawa huwa na msukumo wa maji pale tu unapooga. Ukuta ukilowa baada ya kuoga na kukauka ukisafiri, kesi iko juu ya koki: ungio la mkono na elbo, au elbo yenyewe. Ukilowa hata nyumba ikiwa haina mtu, kesi iko kabla ya koki, na hapo mita itakuambia. Funga koki zote, tazama kama mita bado inatembea. Ile kesi ya kwanza mita haitaionyesha kamwe, na watu wengi huishia hapo wakijipa moyo.

Kesi ikiwa juu ya koki, fungua mkono wa shawa, safisha meno ya ndani ya elbo, weka tepu mpya kwenye plagi ya nusu inchi (kizibo chenye meno) na uifunge badala ya mkono. Kwa bomba za PPR, zile za kijani zinazochomwa, elbo huwa na kiini cha shaba ndani ya plastiki. Ukikaza kiini hicho kikazunguka chote, kimeachana na plastiki, na hapo ukuta lazima upasuliwe. Hakuna tepu ya kukiponya. Mara nyingi kilizungushwa na mtu aliyekaza kwa paipu renchi.

Na mkono ukikatikia ndani, usichukue patasi. Kipande cha plastiki: pasha moto bisibisi bapa ya zamani, isukume ishike kuta zote mbili za kipande, iache ipoe kabisa, kisha zungusha kinyume na saa. Kipande cha chuma: chukua ubavu wa msumeno wa chuma bila mpini wake, kata mfereji mmoja kwa ndani, halafu wa pili karibu yake. Simama kabla hujafika kwenye meno ya elbo; utaona rangi ya chuma ikibadilika pale pengo la tepu ya zamani linapoanza. Gonga kijipande kilicho katikati ya mifereji miwili kiingie ndani, na kipande chote kitalegea na kutoka kwa plaizi.

Ukiwa na plagi mahali pake, fungua koki ya shawa na uiache wazi dakika 15, pampu ikiwa inafanya kazi. Funga karatasi ya chooni kuzunguka plagi. Ikilowa, rudia tepu. Ikitoka kavu, funga koki, toa plagi, rudisha mkono wa shawa kwa tepu mpya, sukuma ile sahani ya kromu ikae ukutani, na plagi iweke kwenye droo ya spana.